Betri Tulizoanika Juani

Wiki iliyopita nilialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye mahafali ya darasa la saba, katika shule niliyosoma mwenyewe, kule upande wa Nsimbo. Jina la shule siliweki hapa. Nilikwenda na gari langu, nimevaa shati jipya, na nilirudi Majimoto nimekasirika hadi wali wa nyumbani kwangu ukanishinda kumeza. Hasira ninayo mpaka sasa, ndiyo maana unaona nimeshika kalamu. Mimi si mtu wa kalamu, rafiki yangu. Niliishia darasa la tano. Lakini fika sokoni Majimoto uulize mashine za kukoboa mpunga ni za nani. Watakuonyesha kwa kidole, na wakishakuonyesha moja ujue bado hawajamaliza.

Ili unielewe, lazima nikurudishe kwenye redio.

Nililelewa na bibi. Nyumba yetu ilinuka muhogo uliolowekwa, harufu ambayo mgeni huikimbia na mimi hadi leo ikinipitia puani nasikia njaa. Kabla ya kwenda shule namenya muhogo, nauanika juu ya jiwe, nanawa uso na miguu, basi. Masika tulikula ugali na uyoga bibi aliouchuma porini, na sauti ya mwiko wake kwenye sufuria ndiyo iliyokuwa saa yetu. Bibi hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akisema jembe hung'aa shambani, ndani huota kutu. Alilisema hilo akitaka niamke.

Shule ilikuwa na redio moja, ya mbao, kubwa karibu sawa na kreti ya soda. Saa nne asubuhi kulikuwa na kipindi cha shule. Mwalimu wetu wa darasa la nne, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi, aliiweka juu ya meza na sisi tukasogea mpaka magoti yakagusa meza. Betri zilikuwa taabu. Zikichoka, za kubadilisha hakuna. Kwa hiyo kila mtoto alileta zilizokufa za kwao, na kazi yangu mimi ilikuwa kuzipanga juu ya bati la choo cha walimu zipate jua tangu kengele ya kwanza. Zilizokataa tuliziuma pembeni kwa meno mpaka ulimi ukawasha. Ikifika saa nne nazitoa zikiwa za moto, mwalimu anazipachika, redio inakwaruza kidogo, halafu sauti kutoka Dar inasema, hamjambo watoto. Tunaitikia wote. Na ile sauti ilikuwa inatusubiri tumalize kuitikia, naapa. Sisi wa huku porini, mtu wa Dar anatusubiri.

Siku moja redio ilianguka, ikanyamaza. Niliyeiangusha ni mimi. Nilijua nachapwa. Mwalimu akaniangalia, akakohoa, akafungua droo akatoa kisu cha kumenyea machungwa, akanipa.

"Fungua," akasema. "Imeshakufa hiyo. Utaiua mara ya pili?"

Nilifungua. Ndani nikakuta waya mmoja umechomoka, mwembamba kama unywele. Nikausokota mahali pake, nikawasha. Redio ikaongea, na darasa zima likapiga meza. Sikiliza, kila nilicho nacho leo kilitoka kwenye lile sanduku. Nilianza kwa kutengeneza redio za watu, nikaenda kwenye baiskeli, nikaenda kwenye mashine. Hakuna chuo kilichonifundisha. Ni kisu cha machungwa na mtu mzima aliyekubali mimi nishike.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mkuu mpya. Akaona watoto wameishika redio, akapandisha hasira. Hiyo ni mali ya serikali, akasema, nataka mkaguzi akija aikute kama ilivyoletwa. Ikafungiwa kabatini, ikafunikwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Saa nne ikawa inafika, na kilichosikika ni kunguru tu. Mkaguzi alipokuja kweli, mlango ukafunguliwa, kitambaa kikaondolewa. Betri zilikuwa zimepasukia ndani. Maji yake yalikula shaba yote, ikabaki unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Hakuna mtoto aliyeigusa. Ilikufa kwa kutunzwa. Mwalimu wetu mwenye kikohozi alishahamishwa, na mimi nikaacha shule. Hakuna aliyenifukuza. Sikuona tena cha kuniamsha. Nilipomweleza bibi habari ya redio, akarudia lile neno lake la jembe, akaendelea kupepeta unga.

Sasa njoo kwenye mahafali.

Mwaka juzi, mimi, kwa mkono wangu, niliipelekea shule ile vishikwambi arobaini na sola ya kuvichajia. Masomo yamo ndani, hata mtandao ukikata mtoto anasoma. Kwa hiyo wiki iliyopita nimekaa kwenye kiti cha mbele, binti wa darasa la saba anasoma risala, sauti safi, haogopi. Akafika mahali akasema, tunakushukuru mgeni rasmi kwa vishikwambi, ambavyo tuliviona siku ulipovileta. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikacheka, nikadhani amekosea kusoma. Halafu nikaona hakuna mwalimu anayecheka.

Nikaomba kuviona hapohapo, keki haijakatwa. Wakanipeleka stoo. Maboksi yamepangwa vizuri, hakuna vumbi, na juu yake, rafiki yangu, kitambaa cheupe cha kufuma. Nikainua kishikwambi cha kwanza. Nailoni ya dukani bado ipo juu ya kioo. Mgongo umevimba kama andazi. Cha pili hivyohivyo. Cha kumi hivyohivyo. Mtu wa mashine haambiwi: betri ya namna hii ukiiacha imeisha chaji miezi na miezi, inaharibika, na ikishavimba hata kuichaji ni hatari.

Nilifoka. Walionisikia ni mpaka wazazi kule nje. Niliwaambia nyie mna vyeti ukutani na akili mmeifungia stoo. Nilisema na mengine siyaandiki. Mwalimu mkuu wa sasa, mama mmoja mtaratibu, alisimama na funguo zake mkononi mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mzee, tulifanya ulivyosema," akasema.

"Nilisema nini mimi?"

"Siku ya kukabidhi. Ulisema atakayevunja hata kimoja atakujua wewe ni nani. Ukasema ukirudi uvikute kama ulivyovileta." Akashusha sauti. "Nani angempa mtoto, mzee?"

Nikakumbuka. Nilisema. Watu walipiga makofi, na mimi makofi nayapenda. Yule mwalimu mkuu wa zamani nimemtukana miaka yote hii, kumbe nilikuwa nimevaa koti lake.

Nilitoka stoo. Choo cha walimu kipo palepale, bati lake limeliwa na kutu, juu yake hakuna hata betri moja. Watoto walikuwa wamepanga mstari kupokea vyeti. Nikavigawa, nikishika mkono mmojammoja. Binti wa risala alinishukuru tena, na mkono wake ulikuwa mkavu wa jembe kama wa bibi.

Nimeagiza vingine. Nitavipeleka mwenyewe mwezi ujao, na hotuba sitoi. Nikishuka kwenye gari nitachukua kimoja, nikidondoshe chini mbele ya shule nzima kioo kipasuke, walimu waone, watoto waone, halafu nimpe mtoto wa karibu bisibisi nimwambie afungue. Labda hapo wataelewa.

Lakini yule binti hatakuwepo. Yeye ameshamaliza.