Shemeji yangu ni mtu wa Xbox: alivyotuzuia mlangoni siku ya posa

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, Kongo. Kiswahili changu kikiingiliwa na Kifaransa mnivumilie, ndivyo tulivyokuzwa.

Haya yalinikuta mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Mimi ni mtu wa PlayStation. Kabisa. Usinibishie.

Rafiki yangu Amisi, tumekua naye mtaa mmoja huko Mangobo, ni mtu wa Xbox. Na si kidogo. Kofia ya kijani, fulana ya kijani, hata pikipiki yake kaizungushia utepe wa kijani.

Utani ulikuwa kila siku. Akinunua game mpya namuuliza, "Utacheza na nani? Mtaa mzima uko peke yako." Naye hujibu, "Miye nachagua. Weye unafuata batu," yaani nafuata watu.

Siku moja umeme ukakatika kwao, kwetu upo. Amisi huyo, hodi. Akaketi, akashika manette yangu, ile mnayoita pad, akacheza mpaka ulimi ukatoka nje.

Nikampiga picha. Nikaiweka status: "Hata mwenye Xbox akitaka raha anakuja kwetu."

Mtaa ulicheka wee! Amisi hakukasirika, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Alisema tu, "Sawa. Siku moja utapita kwa mulango yetu."

Sasa wakuu, sijui akili yangu ilikuwa likizo wapi. Maana wakati huohuo nilikuwa nampenda Zaina. Na Zaina ni nani? Dada yake Amisi, baba mmoja mama mmoja.

Siku ya posa ikafika. Papa yake Zaina ni mfanyabiashara, na kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Kindu. Akienda huko hakuna anayejua atarudi lini. Yaani ni tupokelewe siku hiyo, au mimi na Zaina tungoje mpaka Mungu apende.

Asubuhi Zaina akanitumia message: "Leo sitaki michezo yenu."

Tukaenda. Papa yangu, mama, mashangazi na vitenge vyao vya sare, kreti za soda, mbuzi. Msemaji wetu alikuwa mjomba, Tonton Shabani, fundi cherehani, mtu wa heshima zake.

Hapa mjue desturi yetu. Siku ya posa mwoaji hasemi neno, akifungua mdomo ni aibu ya ukoo mzima. Msemaji ndiye anajibu kila kitu. Na ndugu za binti wana haki ya kusimama mlangoni na kudai wanachotaka. Wasiporidhika, mnarudi na mbuzi wenu.

Tunafika, nani yuko mlangoni? Amisi. Kijani kuanzia kofia mpaka kandambili. Mbele yake meza, tivii, Xbox inawaka, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba.

"Karibuni bapapa na bamama. Huyu muoaji acheze na miye match moja tu. Akishinda, muingie. Akishindwa, mutarudi siku ingine."

Nilitoka jasho. Lakini moyoni nikasema, match? Na Amisi? Huyu namfunga nimefumba macho. Nikanyoosha mkono kuchukua manette.

Paa! Tonton Shabani kanichapa mkononi.

"Weye! Leo hauna mudomo. Na mikono yako pia ni miye."

Akaketi. Akavaa miwani yake ya kushonea. Akaigeuza ile manette huku na huku. "Bon. Huku juu iko wapi?"

Wakuu, nilimwona Zaina dirishani ameshika kichwa.

Mpira ukaanza. Amisi anafunga, anacheka. Tonton anabonyeza vyote kwa pamoja. Lakini mashangazi zangu hawajui hata timu yetu imevaa rangi gani. Wao wameona wavu unatikisika, basi, vigelegele!

Amisi kafunga tena, vigelegele tena. Mama yangu kaanza kukata kiuno. Tonton akajifunga mwenyewe, akasimama mikono juu: "Nimeingiza!" Hapo ndipo walipopiga vya kupasua masikio.

"Bamama, ni miye nashinda!" Amisi analalamika.

"Félicitations, mutoto yangu! Endelea!" akampongeza shangazi Fatuma.

Sasa Amisi amtanie nani hapo, watu wanashangilia kufungwa?

Lakini mimi nilitaka kulia, kweli kabisa. Nilimtazama yule mbuzi nikajua tunarudi naye.

Kumbe ndani mama zake Zaina wanasikia. Na kwetu vigelegele vya wageni haviachwi hivihivi, vinajibiwa. Ukishajibu, umepokea. Wao walijua ya mlangoni yamekwisha.

Wakajibu! Wa ndani wanapiga, wa nje wanapiga, mlango ukafunguka, wakatoka na Zaina katikati wanaimba, wakaizunguka meza ya Amisi.

"Match haiyaisha!" Amisi akapiga kelele.

Papa yake akatokea nyuma. "Amisi, ondoa hii televizio kwa njia. Bageni banapita."

Amisi akanitazama. Nikamtazama. Sikuruhusiwa kusema, lakini mabega yalikuwa yanacheka yenyewe. Akaangua kicheko na yeye, tukashikana mpaka kofia yake ikaanguka. Jamani, nilifurahi siku ile, sina namna ya kueleza.

Siku ya harusi akaleta zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kijani. Xbox. Akatangaza mbele ya watu: "Umetwaa dada yetu, donc na siye tunaweka mutu wetu kwako."

Imekaa pembeni ya Play yangu mpaka leo. Sijawahi kuigusa.

Mke wangu anakohoa hapa. Sawa, nimeigusa.

Tonton Shabani ndiye tuliyempoteza, kahamia Xbox. Akifunga cherehani anakwenda kwa Amisi kucheza. Juzi nikamwambia, Tonton, siku ile tulifungwa vibaya sana.

Akanitazama juu ya miwani. "Tulifungwa? Na huyu Zaina anatupikia lituma ya ndizi hapa, iko wa nani?"

Nilichojifunza: kabla hujamtania mtu na console yake, uliza kwanza ana dada wangapi. Haya, watu wa Play na wa Xbox, mlango uko wazi, tutaniane kwa adabu. Wa kompyuta nanyi semeni, najua mnajiona.