Bega la Révérien na Mnyama wa Kanada

Révérien Niyongabo alikuwa mtu wa kuaminika katika mambo yote ila moja: hakuvumilia kumiliki kitu kidogo kuliko cha jirani. Televisheni yake iliziba nusu ya dirisha la sebule kule Minto, kitongoji cha ugenini alikohamia. Biblia yake haikubebeka kwa mkono mmoja. Kwa hiyo alipopata leseni ya uwindaji, akiwa na miaka hamsini na miwili na kazi ya kuendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja la Wetherill Park, na ikabaki kuchagua kaliba, yaani unene wa risasi, waliomfahamu hawakuwa na haja ya kupiga ramli.

Mshauri wake alikuwa Kawira, mama wa Kimeru anayeendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany, aliyekuwa na miaka saba ya kuwinda.

"Mzee, chukua 308," alimwambia. "Kulungu wa huku wote inawaangusha, risasi zake ziko kila duka, na bega linabaki lako."

"Hiyo ni ya kulungu tu. Mimi nataka ya kulungu na elki."

"Elki ndiyo nini?"

"Kulungu mwenye mwili wa ng'ombe. Yuko Kanada, kwa binamu yangu Égide. Amenitumia picha. Siku nikienda kumtembelea, nitakuwa tayari. Lazima iwe 300 Magnum. Namba ni ndogo, lakini baruti yake ni nyingi zaidi."

"Na kabla hujaenda, huyo elki atakuja Minto kwa treni gani?"

Révérien akajibu kwamba mtu mwenye busara hanunui mara mbili. Ndivyo kiburi kilivyo: kikienda dukani huazima kanzu ya busara.

Kawira alikuwa na rafiki mwenye Magnum, naye akakubali ijaribiwe kwenye uwanja wa shabaha siku ya Ijumaa. Lakini Kawira alimsihi Révérien asubiri wiki ipite. Jumamosi ilikuwa siku ya posa ya mpwa wake Christian, na Révérien ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa mume. Kwa Warundi, msemaji ni ukoo mzima uliovaa suti moja. Akiteleza yeye, wote wameanguka, na binti anaweza kubaki kwao. Zaidi ya maneno, kuna kinywaji cha kukubaliwa. Hupokewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko kwa heshima. Kupokea kwa kushoto ni tusi.

"Bunduki haipigi ulimi," alisema Révérien, na Ijumaa akaenda.

Kawira alimwelekeza akaze kitako cha bunduki begani. Yeye alikiegemeza tu, kwa madaha, kwa sababu mzee mmoja wa Kizungu wa meza ya pili alikuwa akimtazama. Akafyatua. Risasi ilikwenda mbele, kwenye kadibodi ya shabaha, na kitu kama teke la punda kikaja nyuma.

"Imetosha, mzee."

"Ndiyo kwanza napata ladha yake," alisema, machozi yakimlenga. Akapiga nne nyingine, kwa kuwa yule mzee hakuwa ameondoka.

Jumamosi asubuhi mkewe Armelle alimkuta amekwama ndani ya shati.

"Baba Ninahazwe, shati limekushinda?"

"Nimelalia mkono vibaya."

"Ukalala, mkono ukaamka ukajipaka dawa ya kuchua." Akamfunga vifungo kimoja kimoja, kama anamwandaa mtoto wa chekechea, na hakuuliza tena. Kuna wake wanaojua kwamba uongo ukiachwa utembee, utachoka wenyewe.

Ukumbini Révérien alizungumza vizuri mno. Alisifu, akatania, akaomba mche wa kupanda uani kwao, mpaka shangazi za binti wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo Kwizera, msemaji wa upande wa pili, ambaye pia alikuwa mwenzake wa zamu ghalani, akamnyooshea bilauri ya maji ya ndizi.

Mkono wa kulia wa Révérien ulipanda hadi kitovuni ukagoma. Wa kushoto ukaenda peke yake.

Kwizera akairudisha bilauri kifuani pake.

"Wageni wetu, huo mkono tumeuona. Tuwape binti, au tuwafungulie mlango?"

Christian aliinamisha kichwa. Révérien akajikohoza. "Samahani, mzee mwenzangu. Niliumia kazini juzi."

"Juzi tulikuwa pamoja kutwa nzima. Uliumizwa na nini, chai?"

Sasa uongo wa pili ulihitaji wa tatu, na Révérien, pamoja na makuu yake yote, hakuwa fundi wa kazi hiyo. Alimwangalia mpwa wake.

"Ni bunduki," alisema.

"Bunduki! Ulimpiga nani?"

"Kadibodi."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Armelle.

"Bunduki ya kuua mnyama gani, ndugu yangu?"

"Elki."

"Anapatikana wapi?"

"Kanada."

"Jamani, nisaidieni," Kwizera aliugeukia ukumbi. "Mnyama yuko Kanada, kadibodi ndiyo iliyopigwa, na aliyejeruhiwa analetwa hapa Minto tumpe mke!"

Watu walicheka mpaka shangazi mmoja akavua viatu. Kwizera alisubiri wapoe, akasogea.

"Aliyesema kweli mbele ya watu hajatukana mtu. Lakini kwa kushoto hunywi. Mgonjwa hunyweshwa. Fungua kinywa."

Msemaji wa ukoo, mbele ya watu mia mbili, akafungua kinywa kama kinda la ndege. Bilauri ilipomgusa mdomo, Kwizera akaizuia.

"Kwanza jibu. Huku hakuna elki, kuna kulungu; yeye anataka kaliba gani?"

"308," alisema Révérien.

"Nani alikuambia?"

"Kawira."

"Lini?"

"Kabla sijafyatua."

Kwizera akaiinua bilauri, vigelegele vikapigwa, na Révérien akanywa yote, mengine yakimchuruzika kwenye tai.