Linki Aliyowakataza Kufungua

Kwa miaka ishirini na saba Tseng Yueh-o alikaa nyuma ya dirisha namba mbili la posta ya Baishui. Katika miaka hiyo aliwaona wazee wengi wakija kupeleka akiba yao yote kwa watu ambao hawakuwahi hata kuwaona uso. Mmoja wao Yueh-o alimsihi karibu nusu saa asipeleke, na yule mzee akapeleka tu. Wiki iliyofuata akarudi, akaketi kwenye benchi ya posta mpaka saa ya kufunga. Ndiyo maana Yueh-o alipostaafu hakukaa nyumbani kumwagilia maua. Kila Jumatano asubuhi alifungua ukumbi wa mtaa akawafundisha wazee kutumia simu bila kuibiwa.

Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: tazama mkia. Anwani yoyote ya mtandao ina herufi zake za mwisho baada ya nukta, na huo ndio mkia. Ukiishia .tw, huo ni wa nyumbani, wa nchi yetu. Ukiishia .com, tumeuzoea. Mwingine wowote, achana nao.

"Mkia tusioujua?" aliuliza kila Jumatano.

"Hatuufungui!" waliitikia wazee huku wakimenya karanga.

Masika ya mwaka ule aliandika ubaoni anwani moja iliyokuwa inazunguka mtaani: baishui.asia. Akaipigia mstari. "Haya, hii mnaionaje?"

"Mwizi huyo!" akasema Mzee Wu Tian-ding, ambaye kwa miaka yake sabini na tisa alikuwa hajawahi kukosa la kusema. "Tena mwizi wa Asia nzima! Bara lote hilo, polisi wataanza kumtafuta wapi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu akasimama. Alikuwa Lekal, Mwamisi, mmoja wa wenyeji wa asili wa kule juu ya mto, fundi wa zamani wa nyaya za simu ambaye sasa analima machipukizi ya mianzi.

"Mwalimu, hiyo ni yangu," alisema. "Nimefunga kamera na kipimo cha maji kwenye daraja la zamani. Nilitaka watu wa huku chini muwe mnauona mto. Jina lenyewe kwa .tw lilikuwa limeshachukuliwa na mtu."

Vicheko vikafa. Yueh-o aliuona uso wake ulivyokuwa mwekundu, na alijua la kufanya lilikuwa lipi. Lakini alikuwa mbele ya watu arobaini, chaki mkononi. "Sijasema wewe ni mwizi, Lekal," alisema. "Nimesema mkia wenyewe haujulikani."

"Sawa, Mwalimu." Lekal aliweka chini mfuko wa machipukizi aliokuwa ameuleta kama zawadi, akatoka. Yueh-o aliyapika jioni ile, na hayakumshuka vizuri. Hata hivyo hakumpigia simu kumwomba radhi. Kila Jumatano alijiambia atapiga kesho.

Septemba ikaja na tufani. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mto ukaja juu ukanguruma, kisha siku ya tatu jua likatoka kali kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wakaanika magodoro, wakasukumia tope nje ya milango. Na adhuhuri habari njema ikapita mtaani: maji yamepungua! Yamepungua sana, mawe ya katikati ya mto yanaonekana. Watu wakatelemka bondeni, wengine kuokota magogo yaliyoletwa na mafuriko, wengine kunasa samaki waliobaki kwenye vidimbwi.

Saa saba na robo simu ya Yueh-o ikalia. Alikuwa mkuu wa mtaa, Peng Chin-fa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia.

"Dada, Lekal kanipigia. Mlima umeporomoka juu kwenye korongo, umeuziba mto. Maji hayajapungua, yamezuiwa! Yanajaa huko nyuma. Udongo ule ukiachia, yanashuka yote kwa mpigo mmoja."

"Kipimo cha serikali kinasemaje?"

"Kilisombwa juzi na tufani. Kilichobaki ni cha Lekal peke yake. Nimewaarifu wilayani, wanatuma helikopta kutazama, lakini mpaka ifike... Nimeituma linki yake kwenye kundi la mtaa, watu waone wenyewe. Hebu fungua kundi usome walichonijibu."

Yueh-o alifungua. Chini ya ujumbe wa Peng, wenye anwani ile ya .asia, majibu yalikuwa yamepangana kama matofali.

*Msifungue! Mkia mbaya huo!*

*Simu ya mkuu imedukuliwa, jamani. Mkuu wetu haandiki hivi.*

*Mwalimu alituonyesha hii hii ubaoni. Nimeifuta.*

*Mimi nimeshairipoti.*

Chini kabisa mama mmoja alikuwa ameandika: *Asante Mwalimu Tseng, bila wewe tungekwisha.*

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, upo?" Peng aliita. "Mimi hawanisikii. Wanakusikia wewe."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuifungua ile linki. Kidole gumba kilikaa juu ya herufi zile za bluu, na aibu ya kuisimulia ni hii: hata saa ile, na mlima umeanguka, alisita. Je, kama kweli simu ya Peng imedukuliwa? Je, kama sauti yenyewe ni ya mashine? Alihesabu pumzi tatu. Kisha akabonyeza.

Hakuombwa namba ya siri. Hakuombwa chochote. Picha ilifunguka ya nguzo za daraja la zamani, na kati ya nguzo hapakuwa na mto. Palikuwa na mawe matupu yanayong'aa juani. Pembeni mstari wa kipimo ulikuwa umeshuka wima kuanzia saa nne na dakika arobaini, kama mtu aliyetupwa kutoka ghorofani. Picha ilijibadilisha kila dakika. Yueh-o alizaliwa kando ya mto ule, na katika miaka yake hamsini na tisa hakuwahi kuyaona yale mawe.

Akaingia kwenye kundi, akarekodi kwa sauti: "Ni mimi Tseng Yueh-o. Linki ya mkuu ni ya kweli. Nilikosea mimi. Ondokeni mtoni sasa hivi, walio nyumba za chini pandeni shuleni!"

Jibu la kwanza lilikuja upesi. *Mwalimu alisema mashine siku hizi zinaiga sauti. Somo la tatu. Msidanganyike.*

"Mungu wangu," Yueh-o alisema. "Nimewafundisha vizuri mno."

Hakubishana tena na simu. Aliwasha pikipiki yake ndogo, hata kofia hakuvaa, akateremka njia ya matuta kuelekea mtoni. Kila mlango aliopita alipiga honi na kupaza sauti: "Pandeni shuleni! Mto umezibwa juu!" Waliomwona uso kwa uso walisimama, wakatazamana, kisha wakaanza kutafuta viatu. Lakini bondeni kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na kelele za furaha yao zilizima honi.

Mzee Wu alikuwa katikati kabisa ya mto, amelikalia gogo la mkarafuu-maiti, mti wa mbao ghali, kamba mkononi, anawaamuru wenzake walivute. Yueh-o aliacha pikipiki ukingoni, akakimbia juu ya mawe akiteleza na kuinuka.

"Babu Wu! Toka! Tokeni wote!"

"Kumbe na wewe umekuja kutafuta kuni, Yueh-o? Umechelewa, hili lina mwenyewe!"

"Maji yanakuja. Mlima umeziba korongo."

"Nani kasema?"

"Lekal. Kamera yake—"

"Ile nukta Asia?" Mzee aliangua kicheko, na walio karibu naye wakacheka. "Wewe ndiye uliyetuambia tusifungue! Leo mkia umeota nyama?"

Yueh-o alimshika mkono, akamwekea simu mbele ya macho. Alikuwa anahema hata maneno yanakatika. "Niliwafundisha kutazama mkia tu. Nilikosea, Babu, nisikilize. Soma yote. Nani kaianzisha anwani hii?"

"Lekal."

"Unamjua?"

"Namjua, si mtoto wa Panay? Aliniwekea waya nyumbani kwangu."

"Aliwahi kukudanganya?"

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana."

"Inakuomba nini hii linki? Namba? Akiba?"

"Haiombi kitu. Ni daraja tu na..." Akasogeza simu karibu na uso. "Mbona maji yamejaa hivi?"

Yueh-o aliigeuza simu. Dakika ile ile picha ilikuwa imebadilika. Mawe hayakuwepo. Kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa kilichofika karibu na sakafu ya daraja, na ndani yake miti mizima imesimama kichwa chini. Wakangoja picha inayofuata. Haikuja. Palibaki giza na maandishi madogo kwamba kamera haipatikani.

Kutoka daraja la zamani mpaka pale ni kilomita tisa za mteremko.

Mzee Wu ndiye aliyepiga kelele, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Tokeni! Acheni! Acheni kila kitu, tokeni!" Aliitupa kamba. Watu walipomwona *yeye* ameacha gogo, ndipo walipoamini. Wakakimbia na ndoo, kisha wakazitupa ndoo. Wawili walimbeba mzee mabegani, akiwatukana waongeze mwendo. Yueh-o alikuwa wa mwisho kufika ukingoni. Pikipiki ilikataa kuwaka, akaiacha, akapanda kwa miguu akipitia nyumba za chini, akigonga madirisha kwa kiganja. Kwa Bibi Lai, ambaye hatembei, mlango ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Peng na mwanawe walikuwa wameshamchukua.

Walikuwa kwenye ngazi za shule waliposikia. Kwanza haikuwa sauti, ilikuwa mtetemo wa ardhi chini ya nyayo. Kisha ukaja ukuta wa tope, polepole kuliko walivyodhani na mkubwa kuliko walivyodhani, ukaijaza njia ya mto kama mtu anayefunga zipu. Gogo la Mzee Wu lilinyanyuliwa kama kijiti. Nyumba kumi na nane za chini zilijaa tope mpaka madirishani, ya Yueh-o ikiwa ya nne. Pikipiki haikuonekana tena.

Peng alihesabu watu mara tatu. Wote walikuwepo.

Yueh-o hakuweza kushangilia pamoja na wenzake. Alikuwa anampigia Lekal, na simu haikupokelewa. Alipiga mara kumi na moja. Alijua tabia ya mafundi: kamera ikizima, fundi huenda kuitazama. Aliliona lile daraja akilini, akamwona amesimama juu yake na kisanduku cha zana. Akapiga tena. Jua likaanza kuinama nyuma ya milima, na watu wa shule wakagawiwa uji wa mchele na viazi vitamu. Bakuli lake lilipoa mikononi.

Simu ililia saa kumi na mbili kasorobo, kwa namba asiyoijua. Hakujiuliza ni ya nani.

"Mwalimu," sauti ilisema. "Simu yangu ilizama. Nipo huku juu kilimani kwa mjomba. Mmetoka?"

"Tumetoka wote."

"Mliifungua, basi."

"Mimi niliifungua, wenzangu walikataa," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomjia, yaliyokuwa yamesubiri tangu masika. "Nisamehe, Lekal. Nilikudhalilisha mbele za watu, nikajua nimekosea siku ile ile, nikaona haya kusema."

"Machipukizi yalikuwa matamu?"

"Yalinikwama."

Lekal alicheka kwa mara ya kwanza. "Basi tumelipana."

Yueh-o aliirudia radhi ile ukumbini, ubao ukiwa bado na alama ya tope, mbele ya watu wengi kuliko siku zote. Aliifuta kanuni yake ya kwanza mwenyewe. Akawaonyesha anwani mbili: moja ya matapeli iliyoishia vizuri kabisa kwa .com, na moja ya zahanati mpya ya meno iliyoishia kwa neno ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Wazee walinuna. Walipenda sheria fupi. "Sasa tutajuaje?" Bibi Lai alilalamika kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Kwa kuuliza," alisema Yueh-o. "Ni ya nani, nani kakupa, inataka nini kwako. Ukishindwa kujibu moja, funga."

Haikuwa rahisi, na hawakubadilika kwa siku moja. Wako ambao mpaka leo hawafungui kitu kisicho na .tw, na Yueh-o hawalazimishi. Lakini kamera mpya ilipofungwa kwenye mlingoti wa chuma juu ya korongo, wazee walijipanga Lekal awawekee anwani yake kwenye simu, na ushirika wa wakulima wa mabalungi ukafungua duka lake la mtandaoni lenye mkia mpya bila mtu kuguna. Mjukuu wa Mzee Wu naye ana anwani ya kwake ya kuuza maua. Mzee huitaja kwa kila mgeni, herufi kwa herufi, na nukta huitamka kwa nguvu.

Mwezi wa nne uliofuata mwanamke wa mtaa mwingine, ng'ambo ya milima, alimpigia Yueh-o. Alikuwa amesikia habari zake. "Samahani, Mwalimu. Tumetumiwa ile anwani yenu ya .asia, ya mto. Watu wetu wanaogopa. Niwaambie ni ya kweli?"

Yueh-o alikuwa anapalilia kitunguu kwenye udongo ule ule ulioingia nyumbani kwake. Aliegemeza jembe ukutani.

"Usiwaambie kwa sababu mimi nimesema," alijibu. "Una kalamu? Nakupa namba ya Lekal mwenyewe. Mpigie, muulize maswali yote, hata ya kijinga. Anapenda sana kuulizwa."