Mkora Aliyelia kwa Simu ya Mama

Wacha niseme tu, maana nimechoka kukaa nayo rohoni. Ile hadithi mnayoichekea hapa Iguhu, ya mkora aliyempigia mama yangu simu akijifanya mimi, akaomba asomewe namba za siri, akatukanwa na soko zima mpaka akalia, mkora mwenyewe ni mimi. Mimi Shivachi, kadeti, afisa mtarajiwa wa jeshi (chekeni mmalize, ndiyo niendelee). Ninaomba kitu kimoja tu, isimfikie Mama.

Yote yaliletwa na laini ya simu. Nilipoitwa kwenda mafunzo ya uafisa, si mnakumbuka hiyo sherehe, isukuti ilipigwa mpaka ngozi ya ngoma moja ikapasuka, watu wakanichangia, na mchango wote ukaingia kwa laini yangu. Sasa mimi mjuaji nikawaza, huko jeshini simu zinachukuliwanga getini, laini nitapeleka ya nini? Nikaichomoa, nikaitia kwa kasimu ka Mama, namba ya kutolea pesa nikamwachia dadangu Muhonja, nikafunga begi langu nikijiona mtu mwenye mipango.

Na mipango kweli ilikuwako. Muhonja alikuwa anamaliza masomo yake kule chuo cha Sigalagala, na asipolipa karo yote kabla mwezi kuisha, mtihani wa mwisho hafanyi. Mama alikuwa ameshasema auze ndama. Mimi nikakataa, tena kwa kiburi, "Mama, ndama wa nini na mimi ni mtu wa serikali sasa? Mchango ukae hapo kwa simu, mshahara wangu wa kwanza ukiingia Muhonja anaunganisha analipa." Muhonja akafurahi mpaka akanichinjia ingokho yake mwenyewe, ile kuku ya kutaga. Niliikula yote.

Kuna jambo lingine lazima mlijue, la sivyo mtamwona Mama ni mbaya. Mwaka jana wakora walimpigia simu kutoka jela, wakamdanganya kwamba wametuma pesa kwake kimakosa, akawarudishia, kumbe ni pesa zake mwenyewe za biashara ya mboga. Nilimfokea siku hiyo! Kwa hivyo asubuhi ya kuondoka nikamkalisha chini nikamfundisha upya. Namba zikiingia kwa simu, usimsomee mtu. Hata aseme ni chifu. Hata aseme ni mimi. Hata alie. Mama akarudia yote kama mtoto wa shule ya Jumapili, nikaridhika.

Basi nikaenda. Huko mambo ya kwanza ni kukimbia na kupiga kelele. Unaimba ukikimbia, unajibu "Afande!" mpaka koo linawaka, na baada ya siku chache sauti yangu ilikuwa imeisha kabisa, nikiongea unafikiri ni mlango unaokwaruza. Halafu tukaitwa kwenye ofisi ya malipo. Kumekuja mtu wa benki na mashine yake, kila kadeti anatajiwa akaunti yake, benki inatuma namba kwa laini yake, anaisoma, imekwisha, mshahara umepata njia. Wenzangu wote simu zao zilikuwa zimefungiwa stoo na siku hiyo wakarudishiwa kidogo. Kumbe hazinyang'anywangi kabisa! Nilipofikiwa nikasema laini yangu iko Iguhu kule Kakamega, kwa Mama.

Meja wa malipo akanitazama. "Kwa nani?"

"Kwa mama yangu, Afande."

Foleni nzima ikacheka. Meja akasema sawa, mpigie na simu ya ofisi, lakini hapa simu inawekwa sauti ya juu, hakuna siri. Asiyemaliza leo mshahara wake unangoja mwezi mwingine. Mtu wa benki akabonyeza, namba zikatumwa Iguhu, na mimi nikapiga. Hebu mjiweke mahali pa Mama, uko sokoni na mboga zako, namba za ajabu zinaingia kwa simu, na papo hapo mtu usiyemjua anapiga.

"Mama, ni mimi Shivachi."

"Shivachi gani?"

"Wako, Mama. Kuna namba zimeingia hapo, nisomee."

Halafu nikamsikia akiwaita wenzake, "Mama Khayesi, kujeni! Kujeni haraka! Wale watu wa jela wamenipata tena!"

Woi, jamani. Nilitamani sakafu inimeze. Nikajaribu kueleza, lakini na hiyo sauti yangu ya kukwaruza kila neno lilizidi kuniharibia. Mama akasema mtoto wake ana sauti nzuri, anaimbanga kwaya, si hiyo ya mlevi. Meja kwa huruma akachukua simu, "Mama, mimi ni Meja hapa jeshini." Mama akamjibu, "Na mimi ni Rais." Hata mtu wa benki akainamisha kichwa kwenye mashine yake, mabega yakimtikisika.

Nikamwomba aniulize kitu chochote mtoto wake tu anaweza kukijua. Akafikiria, akasema, "Haya, yule fahali wa baba yako alikufanya nini?" Mbele ya makadeti wote, mbele ya Meja, ikabidi niseme kwamba nikiwa darasa la saba fahali wetu wa kupiganisha alinikimbiza nikaingia choo cha shimo, nikakataa kutoka mpaka jioni, na suruali ikabidi ifuliwe.

Nikangoja. Mama akacheka kwa dharau. "Hiyo kila mtu Iguhu anajua. Hata wezi wamesikia."

Namba zikapitwa na wakati, mtu wa benki akatuma zingine, akaniambia hizi ni za mwisho. Hapo ndipo nikamwona Muhonja machoni. Nikalia, jamani. Mwanamume mzima na buti za serikali, nikalia kwenye simu, "Mama tafadhali, ni ya Muhonja, tafadhali nisomee." Nyuma yake wanamama wanapiga kelele, mwingine anakemea shetani kwa jina la Yesu. Nikasikia Mama anapumua. Kisha akakata simu.

Meja akafunga faili akasema, "Kadeti, mwezi ujao." Tangu siku hiyo kule naitwa Mtoto wa Rais, na kila jina hilo likitajwa mtu ananirukisha kichura. Lakini hayo ni madogo. Mama alitoka sokoni moja kwa moja mpaka kwa chifu, na chifu akamsaidia kuifungisha laini ili wakora wasiipate. Mchango wote ukafungiwa humo ndani, na mimi huko sikuruhusiwa simu tena. Muhonja akangoja mshahara wangu, akawa anamwambia Mama, "Shivachi alisema, Shivachi hawezi kusahau." Walipoamua kutafuta mtu wa kununua ndama, siku za kulipa zilikuwa zimekwisha. Wenzake waliingia chumba cha mtihani. Yeye alikuwa sokoni, anafunga mafungu ya mboga za mitoo.

Nimekuja likizo juzi, nikatengeneza laini, nikamweleza Muhonja ukweli nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele, heri angepiga. Aliuliza tu, "Ulilia kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema basi Mama asijue, akijua atakufa na uchungu. Mama anafikiri ni serikali ilichelewesha mshahara.

Jana usiku Mama aliniwekea obusuma, ugali wetu, na mboga, akakaa karibu, akaanza kunisimulia habari za mkora wake, anataka nimshike maana sasa niko jeshi. Nikamwambia nitamtafuta. Akachezea leso yake, akasema, "Lakini alipolia, mwanangu, niliumia. Kidole kilikuwa kimeshafungua zile namba, nilitaka kumsomea, sijui kwa nini. Halafu nikakukumbuka wewe, ulisema hata alie."

Nikasema, "Ulifanya vizuri, Mama."

Laini yangu iko hapa mfukoni, haitoki tena hata nikiitwa mbinguni. Pesa sitamwahidi mtu tena kabla sijaishika mkononi. Na kesho mkipita sokoni mkawakuta Mama na Muhonja, nunueni mboga, lakini hadithi ya mkora msimkumbushe.