Honi ya Uchochoroni

Niliamini kwamba waya usioshika kitu husoma sifuri. Fizikia ya kidato cha nne nilipata D, na D hiyo hiyo ndiyo niliyoitumia kulinda nyumba ya watu.

Mie ni mtu wa ndani. Wenzangu wakienda kutazama mpira kibandani, mie nimo chini ya bati langu hapa Temeke, nafumua redio mbovu. Mama muuza mihogo, mpangaji wa chumba cha mbele, ananiitaga "mwali" tangu nihamie. Anasema hata mwali akiwekwa ndani, siku ya kutolewa inafika na ngoma inapigwa. Ya kwangu haijulikani.

Basi wezi wakabeba pampu ya maji ya mwenye nyumba, na kabla hasira haijapoa wakaanua nguo za watu kambani. Mtaa ukavimba. Vijana wa kijiweni waliweka tairi kuukuu nyuma ya genge, na hakuna aliyeuliza ni la nini.

Mie nikajitolea kuleta sayansi. Nilikuwa na bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki, ukubwa wake kama kadi ya benki. Unaipa umeme kidogo kwenye mguu wake mmoja, nayo inakupa namba, kuanzia sifuri mpaka elfu moja ishirini na tatu. Nikafunga sensa, yaani kihisi cha mwanga, kwenye uchochoro wa nyuma, ambao una taa usiku kucha na hauendi popote ila kwenye matangi. Mwanga ukiwa mwingi, namba inakuwa kubwa. Mtu akipita, kivuli chake kinaishusha. Ikifika chini ya mia tatu, bodi inawasha honi ya pikipiki niliyoifunga juu ya dirisha. Nikapita mwenyewe kujaribu, ikalia, watoto wakashangilia, nikajiona injinia. Waya wa sensa sikuulehemu. Niliusokota tu, nikauzungushia selotepu, nikarudi kujilaza. Na bati la Dar mchana halina huruma na gundi ya selotepu.

Alasiri moja honi ikalia. Nilikuwa mkekani. Kwenye kompyuta niliyoiunganisha na bodi, namba zilikuwa zinaruka: mia nane, kumi na mbili, mia tano, sabini. Hakuna kivuli cha binadamu kinachocheza singeli namna ile. Ningezisoma vizuri ningejua. Ningefungua dirisha, ningeona uchochoro mtupu. Badala yake nilivuta pumzi nikapiga ukelele hapo hapo nilipolala:

"Mwiziii!"

Huku kwetu neno hilo halingoji la pili.

Barabarani alikuwa anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, kiroba begani. Aliposikia honi, ukelele na milango inafunguka kwa pamoja, akakimbia. Kukimbia kwake kukawa ushahidi.

Nilipotoka walishamwangusha mbele ya nyumba yetu. Tofali la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni. Sikuwa najua kwamba meno yakipigwa tofali yanalia kama kikombe kinachopasuka. Kijana mmoja alikuwa anamchapa magoti kwa bomba la chuma, taratibu, kama anayetwanga. Mwingine alimkanyaga kiganja akakizungusha kwa kisigino. Sikio moja lilikuwa limechanika linaning'inia, na kila alipojaribu kulishika, mkono ulipigwa ukarudi chini. Kiroba kilipasuka, yakamwagika masufuria yaliyotoboka na gamba la redio. Redio hiyo nilimuuzia mimi, asubuhi ile ile.

"Pampu iko wapi, we mbwa?"

"Sijaiba jamani! Muulizeni yule wa nyaya! Yule pale, ananijua!"

Vichwa vikageuka kwangu. Kijana mwenye bomba akafuta jasho kwa mkono wa shati. Bomba lilikuwa na damu na nywele.

"Unamjua, braza?"

Nilikuwa namjua. Nilikuwa nimempa na maji ya kunywa. Nikatazama gamba la redio.

"Nakuuliza, unamjua?"

"Labda honi..." nikasema. "Labda honi imekosea..."

Kofi lilinizungusha mpaka nikashika ukuta. "Umeita mwizi mwenyewe, sasa unamtetea? Au mko wote?"

Nikabaki nimeshika ukuta. Yule mtu alinitazama kwa jicho lililobaki wazi, akaacha kuniita. Tairi likaja linaviringishwa. Mtu akaagiza petroli kutoka kwenye pikipiki, na wakaanza kumwinua kwa kwapa ili wamvishe.

Karai la mihogo lilikuwa jikoni pale pale barazani. Mama mihogo alichota upawa wa mafuta yanayochemka, akashuka ngazi bila haraka, akayamwaga kwenye mguu wa mwenye tairi. Ngozi ililia kama muhogo ukiingia karai. Jamaa akapiga yowe, tairi likaenda zake mtaroni. Mama akarudi, akachota tena, akasimama juu ya yule mnunuzi huku upawa unatoa moshi.

"Shikamoo mama," akasema mwenye bomba, maana adabu hatukosi hata tukiua. "Tunaomba utupishe."

"Marahaba. Anayefuata nani?"

Hapo hapo honi ikalia. Wote tukatazama uchochoroni. Ikanyamaza, ikalia tena, ndefu. Mwenye bomba akaenda kuchungulia, akarudi polepole.

"Hamna mtu."

"Inajilizia yenyewe?"

Ndipo sauti yangu ikapatikana, sasa hatari ilipopungua. Nikapiga kelele kwamba waya umechomoka, kwamba yule mtu hakuiba, kwamba redio nilimuuzia mie. Mmoja akaweka tofali chini kwa uangalifu, kama anarudisha chombo cha kuazima. Mwingine akasema yeye hakupiga, alikuwa anatazama tu. Kufumba na kufumbua barabara ikawa nyeupe.

Nilimpeleka hospitali kwa bajaji, kichwa chake kimenilalia mapajani, anatema vipande vya meno kwenye shati langu. Alipona, ila kiganja kile hakifungi tena, na mtaa wetu hapiti.

Niliporudi, mama mihogo alikuwa anageuza mihogo. Nikasimama mbele yake na shati lenye damu, nikaanza kumweleza: mguu wa bodi ukikosa waya hausomi sifuri, unadaka chochote kilichomo hewani, hata friji ya jirani ikijiwasha, dawa yake ni rizista moja tu ya kuushikilia juu, namba isishuke, na waya uliolehemiwa, na...

Akainua upawa.

"Mwali, niache na hesabu zako. Mashine ilipiga honi tu. Aliyesema mwizi ni wewe, tena hata dirishani hukuchungulia."