Kipande cha Paka

Paka wangu amenigusa goti nikila, na harufu ya samaki tasi wa kuchoma imenirudisha kwenye mkeka wa bibi, kule Ndagoni.

Bibi alikuwa haoni. Paka wake alijua kwamba akimparua paja mara mbili, polepole, mkono utashuka na kipande cha samaki. Nami nikajifunza. Nikishamaliza kitoweo changu namparua bibi kwa ukucha, mara mbili, napokea. Yeye anamalizia ugali wake wa muhogo kwa mchuzi mtupu. Wala sikuona haya, nilijiona mjanja.

Siku moja, ukucha wangu ukiwa pajani pake, paka akalia nje, mlangoni.

Mkono wa bibi ukasimama.

"Leo una njaa kweli, paka wangu," akasema, na mkono ukashuka vilevile. "Haya, chukua."

Nilikitia mdomoni, nikatafuta mwiba kwa ulimi. Tasi ana miiba mingi. Kipande kile hakikuwa na hata mmoja, na vyote alivyowahi kunipa vilikuwa hivyohivyo.

Paka hachambuliwi miiba.