Mnyama wa Kumlisha Mkwe

Mimi ni mtu wa Upareni, na kwetu mnyama wa pori niliyemjua kwa karibu ni nyani mwizi wa mahindi. Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilipangiwa kazi ya bwana shamba katika kijiji kimoja upande wa Kingerikiti. Huko nikampenda binti wa mzee mmoja Mnyasa, aliyekuwa ametoka ziwani siku nyingi akapanda huku juu kulima. Nilipokwenda kuposa, mzee hakutaka maneno mengi.

"Wewe ni mtu wa serikali, ndugu zako wako mbali," aliniambia. "Ng'ombe sitaki. Tulishe siku moja, mimi na watu wangu. Mimi na wewe tukila chungu kimoja, mke umepata. Tusipokula, basi."

Nikaona jambo lenyewe dogo. Lakini kijiji kizima hakikuwa na nyama, na kuku wangu watatu wangekuwa aibu mbele ya ukoo ule. Nikaenda Mbinga kwa bwana nyama, aliyekuwa akitoa vibali vya kuwinda. Akanikubalia mnyama mmoja, akashika kalamu.

"Nikuandikie yupi?"

Ala! Ningejuaje? Ilibidi anichoree nyuma ya karatasi, mmoja mmoja, na pembe zao. Kuro nilimpenda kwa umbo, ila bwana nyama alikunja pua akasema nyama yake ina harufu. Pongo alikuwa mdogo. Palahala, pembe zake zilinitisha hata pale kwenye karatasi. Halafu akachora pofu, akasema huyu anampita fahali yeyote wa kwenu Upareni, na nyama yake tamu, usiambiwe.

"Andika pofu," nikasema. Nilitoka pale najiona mjanja kweli kweli.

Mchumba wangu sikumwambia. Nilitaka siku hiyo ashangae, na mama zake wadogo washangae. Nilimwambia mwindaji wa kijiji tu, mzee wa Kingoni mwenye bunduki, mtu wa maneno machache. Akakitazama kibali, akanirudishia.

"Wanaokula ni akina nani?" akauliza.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. "Ni watu! Watu wenye meno! Wewe piga risasi, walaji niachie mimi."

Akajikuna kidevu. "Haya, bwana shamba. Mkubwa ni wewe."

Wala msinione mzembe. Nilikuwa nimemkumbuka hata mwenye duka, Mwislamu aliyetokea Kilwa, nikamwomba twende naye na kisu chake, maana asipochinja Mwislamu yeye na watoto wake wasingegusa nyama ile. Akakubali. Alitembea mwituni siku tatu na makobazi, tukielekea upande wa Mto Ruvuma, akiilalamikia miiba na kunilalamikia mimi. Siku ya tatu mwindaji akapiga. Pofu alipoanguka, mwenye duka alipita mbio mbele yetu sote, kanzu ameikunja kiunoni, akamwahi akiwa bado na uhai. Watu wa kijiji wakaja kubeba nyama, nami nikawaomba wasimtaje mnyama kabla ya Jumapili.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, masufuria yalikuwa yanachemka uwanjani kwangu. Harufu ile! Miezi miwili nilikuwa nakula maharage, mate yananitoka, na mimi mwenye shughuli nikingoja wageni watangulie. Mzee akaja na ndugu zake, nikawapa shikamoo, nikawanawisha mikono mwenyewe. Akamega ugali, akaushika.

"Nyama gani hii, baba?"

"Pofu, mzee!" nikasema kwa sauti, ili hata wanawake kule jikoni wasikie.

Mzee akaurudisha ugali sahanini. Ndugu zake nao wakarudisha, mmoja baada ya mwingine. Kule jikoni mchumba wangu akaweka upawa chini, akajifunika uso kwa kanga.

"Sisi pofu hatumli," mzee alisema, bila kukasirika. "Ni mwiko wa ukoo wetu tangu kwa babu. Kuro tunakula. Pongo tunakula. Wengine wote tunakula. Ungeniuliza, au ungemuuliza binti."

Siku tatu porini, kibali cha serikali, mchinjaji kutoka Kilwa, na kumbe katika picha zote za bwana nyama nilichagua ile moja! Nilitaka kupiga kelele, ila wa kumpigia hakuwepo, isipokuwa mimi mwenyewe. Mwindaji alikuwa amekaa kando na mfupa wake. Aliniangalia tu.

"Msiwanyime wengine, waacheni wale," mzee akasema. Dada yake alikuwa amemletea usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Kihagara. Akaagiza wachemshwe. Waliletwa katika chungu kidogo, na ugali mpya. Kijiji kizima kikaendelea kula na kusifu, mwenye duka akiongeza mara ya pili, na mzee akaanza kula usipa wake. Hakunikaribisha. Alikuwa ameshasema neno lake siku ile ya posa, hakulirudia.

Sahani yangu ilikuwa tayari imepakuliwa, nyama ya mbavu, imenona. Niliitazama kweli, siwezi kudanganya. Kisha nikampa mwindaji, nikanawa mikono upya, nikaenda kukaa chini mbele ya mzee, nikamega ugali.

Mzee alikisogeza kile chungu hadi kikawa katikati yetu.

"Kula, mkwe," akasema.

Kule jikoni mtu alipiga kigelegele, na sauti yake niliijua.

Huyo ndiye mke wangu, na watoto wetu wote wameufuata mwiko wa mama yao. Wageni wakinisikia nasimulia habari ya pofu yule huniuliza alikuwa mtamu kiasi gani. Mpaka leo sijui.